Naona Kama Natazamwa: Maswali na Majibu kuhusu Ubongo na Macho ya Watu

Nikipita soko la Darajani nahisi mtu ananikodolea macho kwa nyuma. Nikigeuka, kweli namkuta! Nahisi vipi?

Mgongoni huna jicho. Mwaka 1898 mwanasaikolojia Edward Titchener aliwapima watu waliodai hivyo na hakuona ushahidi wowote. Ukigeuka ghafla, kule kugeuka kwako ndiko kunakowafanya watu wakutazame. Na mara ulizogeuka ukakuta kila mtu yuko kwenye shughuli zake, hizo umezisahau.

Tena ubongo wenyewe huvutia kwake. Pakiwa na giza, au mtu amevaa miwani myeusi, macho yake yasionekane yanaelekea wapi, ubongo hupendelea kudhani kwamba unatazamwa wewe.

Kwa hiyo ubongo hujuaje mtu anaangalia wapi?

Kwanza kwa weupe wa jicho. Kwetu binadamu weupe huo ni mpana na mboni hujitenga nao waziwazi. Kwa nyani wengi sehemu hiyo ina rangi ya kiza. Habari hiyo hufika kwenye mkunjo mmoja, mfano wa mfereji, ulio ubavuni mwa ubongo, juu kidogo ya sikio, unaoshughulikia mwelekeo wa macho. Sehemu ndogo ya ndani iitwayo amigdala nayo hupima uzito wake: huyu ananitisha, au ananijali?

Ila macho hayasomwi peke yake. Mwaka 1824 Mwingereza William Wollaston alionyesha kwa michoro kuwa macho yaleyale, ukiyawekea uso uliogeukia upande mwingine, huonekana yanaangalia kwengine. Hata hivyo, aliyevaa nikabu ametuachia macho tu, na bado tunapatana naye bei bila taabu.

Mwanangu ana miaka saba. Babu yake akimsemesha, huinamisha macho. Jirani kaniambia ni usonji, ile hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano.

Kama na wenzake skuli anatazamana, anacheza na kuzungumza, hiyo ni adabu uliyomfunza mwenyewe. Jirani kakutia hofu bure.

Usonji hautambuliwi kwa dalili moja. Kwa mtoto mdogo tunaangalia mambo kadhaa kwa pamoja: ametimiza mwaka na haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, hageuki kufuata unakomwonyesha, maneno yanachelewa. Ukiyaona hayo, mpeleke kituo cha afya mapema, na uombe apimwe masikio na macho pia, maana asiyesikia vizuri naye haitiki.