Masi si udongo

"Papa, masi nilisha kuitia."

"Uliitia wapi?"

"Mu udongo, pale nyuma ya dirisha."

Kijana aliyenijibu hivyo anajifunza umeme wa magari katika gareji moja ya hapa Lubumbashi. Alikuwa amekuja kunisaidia kupanga nyaya za reli yangu ndogo, ile ya mfano ninayoijenga katika chumba cha nyuma. Nilitoka nje nikaona kipande cha chuma cha beto, yaani nondo, kimepigwa nyundo mpaka vimebaki vidole vinne juu ya udongo mwekundu, na waya mweusi umezungushiwa hapo mara tano, kwa mkono wa mtu anayejali kazi yake. Waya huo ulipita dirishani, ukashuka chini ya meza, ukaishia kwenye reli ya ndani. Waya mwekundu ulitoka kwenye transfoma ukaenda reli ya nje. Tundu la pili la transfoma lilikuwa tupu. Treni haikutembea, naye alikuwa ameshaifungua mota akitafuta ugonjwa.

Kijana huyu si mjinga. Ametumia neno la umeme, masi, kama alivyolisikia. Nami nimelisikia hivyo kwa mafundi wa nyumba, kwa wauzaji wa nyaya sokoni, hata kwa watu wenye shahada: masi, tere, waya mweusi, "moins" (yaani upande wa hasi), vyote vinatajwa kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina manne. Sivyo.

Masi ni njia ya pamoja ambayo mkondo wa umeme unapitia ukirudi kwenye chanzo chake, na ndiyo sehemu tunayoihesabu kuwa sifuri tunapopima volti. Tere ni kuunganisha chuma kinachoguswa na watu na udongo wa chini, ili siku chuma hicho kikishika umeme kwa bahati mbaya kisimwue mtu. Masi ni ya kazi ya kila dakika. Tere ni ya siku ya ajali. Maana imekwisha hapo, ila maana tupu haijawahi kumzuia mtu kupiga chuma chini, kwa hiyo tulifuate neno lenyewe.

Masi tumelipata kwa Wafaransa na Wabelgiji, nao wamelitoa katika Kilatini, *massa*, yaani donge la unga uliokandwa. Kilatini nacho kililichukua kwa Wagiriki, ambao waliita *maza* mkate wa unga wa shayiri. Kwa hiyo mwanzo wa neno hili uko jikoni. Mtu wa Lubumbashi aliyewahi kukata tonge la bukari, yaani ugali, ana picha kamili mkononi: kitu kizito, kimoja, kilichoshikamana, ambacho hata ukikigusa upande huu au ule ni kile kile. Mafundi wa umeme walipoanza kufunga mitambo juu ya vyuma vikubwa waliona kwamba hakuna haja ya waya wa pili kwa kila taa na kila mota. Chuma chenyewe kinapitisha umeme. Wakatumia lile donge la chuma kuwa njia ya kurudi, wakaliita masi. Katika jina hilo hakuna udongo hata punje moja.

(Katika karakana zetu kuna masi nyingine, ile nyundo kubwa ya kuvunjia. Hiyo ina asili yake katika Kilatini na haihusiani na donge. Nimeshaona mtu akiagizwa "lete masi" akaleta waya.)

Gari ndilo lililotufundisha neno hili, na kwenye gari fundi analitumia vizuri kabisa. Betri inatoa waya mmoja kwenda kwenye taa. Taa inashikwa kwenye shasi, ile fremu ya chuma inayobeba gari. Shasi inarudisha mkondo kwenye betri. Taa ikififia, fundi wa kweli anasema "angalia masi," anakwangua kutu mahali waya unapokutana na chuma, na taa inawaka. Tazama lakini kwamba gari hilo limekaa juu ya matairi manne ya mpira. Haligusi udongo, na masi yake inafanya kazi usiku kucha barabarani. Hilo peke yake lingetosha kutenganisha masi na udongo.

Gari linaonyesha pia kwamba masi si "moins". Magari mengi ya Uingereza, mpaka miaka ya 1960, yalifungwa upande wa chanya kwenye bodi. Masi yao ilikuwa chanya, na taa ziliwaka. Leo karibu yote yanafunga upande wa hasi, basi watu wakadhani ndiyo maana ya neno, kumbe ni makubaliano tu ya watengenezaji.

Mchanganyiko umetoka wapi basi? Nafikiri sehemu kubwa imetufikia kwa barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kifaransa kina maneno mawili, hata alama mbili katika michoro: tere ni mstari unaoshuka juu ya mistari mitatu inayozidi kuwa mifupi, masi ni mstari wenye meno ya kulalia upande kama reki. Kiingereza cha kawaida kina neno moja linalofanya kazi zote mbili, "graundi" kwa Wamarekani na "ethi" kwa wengine, na yote mawili maana yake ya kwanza ni udongo. Vifaa vikija kupitia Zambia vina karatasi za Kiingereza. Anayetafsiri anasoma "unganisha na graundi", naye kwa uaminifu wake wote anaandika udongo. Sisi wa mji huu tunasimama katikati ya midomo hiyo miwili. Tulikuwa na maneno mawili mazuri, tukayachanganya kwa sababu jirani ana moja.

Sasa turudi nyuma ya dirisha langu. Tuseme kijana angekamilisha kosa, akapiga chuma cha pili na kukifunga kwenye lile tundu tupu la transfoma. Udongo si waya. Chukulia kila chuma kina ukinzani wa ohmu 50 kuingia ardhini, jambo la kawaida kwa kipande kifupi. Viwili ni ohmu 100. Kwa volti 12 utapitisha ampea 0.12, na hiyo ni kabla mota haijapunguza chochote. Treni yangu inataka karibu ampea 0.4 kupanda kilima. Na msimu wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, udongo wetu unapokauka mpaka kupasuka, ukinzani unazidi tena. Kwa chuma kimoja tu, kama alivyofanya, hakuna kitu: mkondo usio na njia ya kufika nyumbani hautoki nyumbani.

Wengine wataniambia kwamba reli kubwa zimelala juu ya udongo, na treni za umeme zinatembea. Ni kweli, na mimi nimekua nikizitazama. Hapa Katanga sehemu ya njia ilianza kuendeshwa kwa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950, kati ya Likasi (wakati huo Jadotville) na Tenke, kwa volti 25,000. Mkondo unashuka kutoka waya wa juu, unapita kwenye mashine, unatoka kwa magurudumu na kuingia relini. Reli ndiyo inayourudisha kwenye kituo cha umeme kilichoutoa. Kiasi fulani kinavujia ardhini njiani, nacho kinatafuta kurudi kituoni kule kule. Hakuna mkondo unaokwenda kwa udongo ukabaki huko kama maji yaliyomwagwa.

Reli ya mfano ina ugumu wake wa pekee: imejengwa juu ya mbao. Fremu yangu ni mbao za sentimita 7 kwa 2, juu yake tripleksi, yaani plaiwudi. Mbao kavu haipitishi umeme. Shasi ipo, ndiyo, meza yenyewe ni shasi, lakini donge la chuma halipo. Kwa hiyo masi haikungoji ndani ya meza kama inavyomngoja fundi wa gari. Ni lazima uilaze mwenyewe, waya mmoja mnene unaozunguka chini ya fremu yote, na huu ndio unaofaa kuitwa masi ya reli yako. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba nyaya ni kazi ya mwisho, baada ya seremala kuondoka. Njia ya kurudi inapangwa siku ile ile unapopima mbao. Mimi nilitoboa kila mbao ya kukingama katikati, tundu la milimita 25, kabla ya kuzifunga, nikizipanga kila sentimita 40. Ukitoboa baadaye utakuwa umelala chali na vumbi la mbao machoni, na matundu hayatakuwa kwenye mstari mmoja.

Unene wa waya huo ndio mahali ambapo kosa la maneno linageuka kuwa kosa la kazi. Anayeamini kwamba masi ni waya wa "kumwaga" umeme ataweka kipande chochote chembamba kilichobaki. Hesabu inasema kinyume. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, wenye urefu wa mita 10, una ukinzani wa ohmu 0.35. Ninaendesha treni mbili, kila moja na kidhibiti chake cha mwendo, zikirudi kwa masi moja. Zikivuta ampea moja moja kuelekea upande mmoja, waya wa kurudi unabeba mbili, na volti 0.7 zinapotea humo. Utaliona kwa macho: treni ya pili ikianza kuondoka kituoni, ya kwanza, iliyo mbali na haina hatia, inapunguza mwendo. Ukigeuza ya pili irudi nyuma, mikondo inapunguzana katika waya ule, na ya kwanza inachangamka kidogo. Nilikaa jioni nzima nikicheza na jambo hilo kabla ya kubadilisha waya. Kwa milimita mraba 2.5 upotevu unashuka hadi volti 0.14, na treni hazisumbuani tena. Waya wa kurudi unatakiwa kuwa mnene kuliko zote, maana zote zinarudi kwake. Kutoka hapo vinapanda vipande vifupi vyembamba mpaka kila kipande cha reli, kwa sababu viungo vya reli havitegemewi kupitisha umeme mwaka baada ya mwaka.

Na kila kidhibiti kiwe na bobina yake peke yake ya kutoa umeme kwenye transfoma. Vidhibiti viwili vikila sahani moja, yaani bobina moja, halafu vikashirikiana masi, siku kimoja kinapogeuzwa, chanya itakutana na hasi.

Huko kugeuza ndiko kunakofuta kabisa ile hadithi ya "moins". Treni ya mkondo wa moja kwa moja inarudi nyuma kwa kubadilishana chanya na hasi kwenye reli. Masi yangu asubuhi ikiwa hasi, treni ikigeuka inakuwa chanya, na bado ni masi ile ile, waya ule ule, unarudisha vile vile. Ukiuita "moins" utakuwa umesema uongo nusu ya safari.

Netre ya nyumba, ule waya wa pili wa umeme wa ukutani, ni ndugu wa masi kwa kazi, maana nayo inarudisha. Lakini udugu huo usikufanye uiguse.

Kijana nilimweleza haya yote tukiwa tumechuchumaa chini ya meza na tochi moja. Alisikiliza vizuri. Alipofunga waya mweusi kwenye tundu la pili la transfoma, treni iliondoka, akacheka kwa furaha, kisha akauliza kama aende kung'oa kile chuma chake. Nikamwambia akiache. Sanduku la transfoma yangu ni la chuma, ndani yake mnaingia volti 220, na watoto wanaligusa. Kipande kifupi kama kile hakitoshi, kwa hiyo tumepiga kingine cha mita moja na nusu pembeni na kuviunganisha. Kutoka hapo waya wa kijani na njano umekuja mpaka kwenye bati la sanduku, peke yake, bila kugusa reli yoyote. Tumeweka pia disjonkta ya diferansieli ya miliampea 30, ile swichi inayokata umeme yenyewe ikiona mkondo unavuja, kwa sababu hata ukipata ohmu 50, volti 220 zinapitisha ampea 4.4 tu ardhini, na disjonkta ya kawaida ya ampea 16 haitashtuka kwa hizo.

Alikuwa ameshabandika karatasi kwenye waya mweusi chini ya meza, imeandikwa MASI. Hiyo sikuibandua. Nilimpa kalamu, akaongeza chini yake: ya treni A na B, inarudi kwa transfoma. Kwenye ule wa kijani na njano ameandika TERE.