Mume mmoja, sauti tatu: Mouna Ragam kwa masikio ya mtu wa sauti

Kazi yangu ni sauti za filamu. Wenzangu wakitazama, macho yao yako kwenye nguo na sura. Mimi hufumba macho dakika mbili tatu nisikie chumba kinasemaje. Mouna Ragam, filamu ya India ya mwaka 1986, niliianza hivyo hivyo, Kitamil sijui hata salamu, kwa sababu jina lilinichokoza: raga, yaani mtindo wa lahani wa Kihindi, ya kimya. Sasa kimya unakipigaje?

Kisa chenyewe kifupi. Divya (Revathi), binti mcheshi wa Madras (leo Chennai), anaozwa hataki. Baba kashikwa na moyo, na nyumba nzima macho kwake. Anahamia Delhi na mume asiyemjua, Chandrakumar (Mohan). Mume anamuuliza anataka zawadi gani. Talaka, anajibu. Wanaenda kwa wakili, na huko wanakutana na sheria ya ndoa za Kihindu ya 1955: ndoa ambayo haijatimiza mwaka, ombi la talaka halipokelewi. Basi wanarudi nyumbani, watu wawili chini ya dari moja, wakihesabu miezi.

Mwongozaji Mani Ratnam, hii ikiwa filamu yake ya tano, aliianza kama hadithi fupi aliyoiita Divya. Ilikuwa ya wawili hao tu. Manohar, yule mpenzi wa zamani anayechezwa na Karthik, aliongezwa baadaye, na ndiye ambaye mashabiki wanamkumbuka mpaka leo. Mimi nasema Manohar ni achari. Wali wenyewe uko Delhi. Lakini achari ina kazi yake. Jamaa huyu ni kelele tupu. Yumo mkahawani na Divya, anamwona baba wa binti amekaa zake, na anamwita kwa jina, kwa sauti, watu wote wasikie: "Mister Chandramouli!" Baba mkwe mtarajiwa, jamani! Halafu siku waliyopanga kufunga ndoa kwa msajili, polisi wanamfukuza, risasi inafyatuka, kwisha. Anayekuja kuishi na Chandrakumar ni mtu aliyezoea kelele hiyo, na kila ukimya wa mume anaupima kwayo.

Tuje kwa huyo mume. Sauti unayoisikia akiongea si ya Mohan. Ni ya S. N. Surendar, aliyekuwa akimwingizia sauti katika filamu nyingi. Na akiimba, anayeimba ni S. P. Balasubrahmanyam. Mwili wa mmoja, maneno ya wa pili, nyimbo za wa tatu. Kwingine ningesema ni ujanja wa kawaida wa studio za Madras. Hapa umeangukia pazuri mno: mezani mtu huyu anatamka sentensi mbili, tena za taratibu, lakini zikifika nyimbo zake, Nilaave Vaa au Mandram Vandha Thendralukku, kifua kizima kinafunguka. Divya hausikii wimbo huo, sisi tunausikia. Mtunzi wa muziki, Ilaiyaraaja, katuketisha ndani ya kichwa cha mume, mke kabaki sebuleni. Manohar, na makelele yake yote, wimbo hana hata mmoja. Kapewa muziki wa chinichini tu.

Mtayarishaji mmoja niliyemfanyia kazi alikuwa hawezi kuona sekunde nne bila muziki. "Hapo pamekufa, tia kinanda." Nikatia. Tamthilia yake ikawa kama daladala, huwezi kujua nani analia na nani kapandwa na hasira. Ningemkalisha mbele ya nyumba ile ya Delhi, mwanga wa mpiga picha P. C. Sreeram ukiingia kutoka ubavuni kupitia madirisha, wawili wakipishana bila neno, asikie jinsi chumba kinavyojaa.

Kuna neno moja linalokaa kama mwiba. Mwanzoni Divya anamwambia mumewe kwamba akimgusa anajisikia kama anatambaliwa na viwavi, wale wenye manyoya, tuseme viwavi washa. Mume anameza. Miezi baadaye anashambuliwa na wafanyakazi wenye ugomvi naye, yuko kitandani, Divya ndiye anayemuuguza na moyo umeshageuka. Anataka kumshika. Chandrakumar anamrudishia viwavi vyake. Hapazi sauti, angepaza, tungemsamehe.

Mume huyu huyu alimnunulia vikuku vya fedha vya miguuni. Mwanamke anapokuja kuvivaa, hahitaji kutamka kitu: kila hatua inamsemea. Fundi wa sauti akikosea hapo, akavizamisha chini ya vinanda, kisa kinapotea.

Filamu ilichukua tuzo ya taifa ya India ya filamu bora ya Kitamil, na mwaka 1992 ikarudiwa kwa Kihindi kwa jina la Kasak, Rishi Kapoor akiwa mume. Wengi wenu, hata hivyo, mmeshaisikia bila kujua. Wimbo wa jina wa Cheeni Kum, ile ya Amitabh Bachchan ya 2007, ni Mandram Vandha Thendralukku uliovalishwa maneno mengine, Ilaiyaraaja yule yule. Uanzeni huo, kisha mrudi kwenye wa 1986 mkiwa mmevaa spika za masikioni, na msikilize anavyoimba mtu ambaye dakika moja kabla hakuwa na la kusema.