Je, wajua kwa nini paka mwenye kisukari anaweza kuachana na sindano?

Mbwa akishapata kisukari, kwa kawaida huchomwa insulini maisha yake yote. Kwa paka mambo ni tofauti. Wapo paka wanaoanza kwa sindano mbili kwa siku, kisha baada ya wiki au miezi kadhaa sukari yao inatulia bila insulini yoyote. Madaktari wa wanyama huhesabu kuwa paka amefika hapo akimaliza angalau wiki 4 bila sindano huku sukari yake ikiwa ya kawaida. Si wote wanaofika. Wanaofika ni hasa wale ambao sukari yao ilishushwa mapema, katika miezi ya kwanza tangu ugonjwa ugundulike, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa nyumbani na mwenye paka.

Sababu iko kwenye kongosho. Kwa mbwa, seli zinazotengeneza insulini huwa zimekufa. Kwa paka, nyingi za seli hizo bado ziko hai, ila zimelemewa. Kisukari cha paka kinafanana na aina ya pili ya binadamu: mwili, hasa wenye mafuta mengi, unaacha kuitikia insulini, kongosho linalazimika kutoa zaidi na zaidi, na protini iitwayo amilini, inayotoka pamoja na insulini, inaganda na kujazana palepale na kuharibu seli. Kisha sukari yenyewe inageuka sumu. Seli zikizama kwenye sukari nyingi siku baada ya siku hupunguza kutoa insulini, na sukari inazidi kupanda. Insulini ya sindano huuvunja mzunguko huo. Kongosho linapata kupumua, na baadhi ya seli huamka.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Seli zikiamka, dozi ileile iliyokuwa sawa inakuwa nyingi mno. Paka aliyekuwa salama kwa yuniti 2 (yuniti ni kipimo cha insulini) wiki iliyopita anaweza kuanguka na kupata degedege kwa yuniti hizohizo leo. Kupona kwake na hatari yake vinakuja kwa mlango mmoja, na ndiyo maana kumtunza bila kupima sukari ni kubahatisha.

Chakula kwanza

Paka ni mla nyama hasa. Ini lake lina uchache wa kimeng'enya kinachowasaidia wanyama wengine kushughulikia sukari inayoingia kwa mkupuo. Chakula kikavu cha punje hakishikamani bila wanga, kwa hiyo aina nyingi zina wanga mwingi. Chakula laini cha kopo kwa kawaida kina kidogo. Lengo ni nishati itokanayo na wanga isizidi takriban asilimia 12 ya nishati yote.

Pakiti nyingi haziandiki wanga, lakini unaweza kuukadiria. Kutoka 100 toa asilimia za maji, protini, mafuta, nyuzinyuzi na majivu (yaani madini). Chukua kopo lenye maji 78, protini 11, mafuta 6, majivu 2 na nyuzi 0.5: inabaki 2.5, na huo ndio wanga. Sasa zidisha protini na wanga kwa 3.5, na mafuta kwa 8.5, ambazo ni kilokalori za kila gramu. Utapata 38.5, 8.75 na 51, jumla 98.25. Wanga ni kama asilimia 9 ya nishati, kopo limefaulu. Fanya hivyohivyo kwa punje zenye maji 8, protini 32, mafuta 14, majivu 7 na nyuzi 3, utakuta wanga unabeba asilimia 35. Ni makadirio tu, maana takwimu za pakiti nyingi ni viwango vya chini au vya juu, lakini tofauti ya 9 na 35 haihitaji mizani ya dhahabu.

Onyo moja ambalo wengi hulisahau: usibadilishe chakula ghafla kwa paka ambaye tayari anachomwa insulini bila kumwambia daktari. Wanga ukipungua, mahitaji ya insulini yanaweza kushuka ndani ya siku chache, na dozi ya jana ikamzidi. Paka mwenye ugonjwa wa figo naye achaguliwe chakula na daktari. Akiwa mnene apunguzwe taratibu, kati ya asilimia 0.5 na 2 ya uzito kwa wiki. Asishindishwe njaa kamwe, kwani paka mnene asiyekula kwa siku chache ini lake hujaa mafuta, na huo ni ugonjwa mwingine mbaya kuliko ule uliokuwa unatibu.

Sindano, na kosa la mara mbili na nusu

Paka wengi huanzishiwa yuniti 1 kila baada ya saa 12, na kwa kawaida dozi ya kuanzia haizidi yuniti 2. Yuniti moja ni tone dogo sana, kwa hiyo aina ya bomba la sindano ni jambo la kufa na kupona. Insulini ya U-40, kama ProZinc na Caninsulin, ina yuniti 40 katika mililita moja. Ya U-100, kama Lantus, ina 100. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 hadi mstari wa 1, umevuta yuniti 2.5. Ukigeuza, paka anapata 0.4 na wewe unashangaa kwa nini dawa haifanyi kazi. Soma namba kwenye chupa, soma na kwenye bomba, kila unapofungua boksi jipya. Kwa U-100 tafuta bomba la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu yuniti.

Chupa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyoganda hutupwa hata kama ikiyeyuka inaonekana nzima. Lantus huwa angavu kama maji, ikiwa na ukungu imeharibika. ProZinc ni ya maziwamaziwa na hubiringishwa taratibu kati ya viganja kabla ya kuvuta. Nyingine huelekezwa kutikiswa, kwa hiyo karatasi ya ndani ya boksi isomwe. Kiputo cha hewa chini ya ngozi si hatari. Shida yake ni kuchukua nafasi ya dawa ndani ya bomba. Gonga bomba kwa kidole, rudisha hewa kwenye chupa, vuta upya.

Mahali pazuri pa kuchoma ni ubavuni au pembeni mwa tumbo, ukibadilisha upande kila mara. Vuta ngozi juu kwa vidole viwili ifanye kama hema, ingiza sindano chini ya hema hilo, sukuma, toa. Kisha papasa manyoya. Yakiwa na unyevu na harufu ya dawa, sindano ilitokea upande wa pili. Je, urudie? Hapana. Hujui ni kiasi gani kimeingia. Sukari ya juu kwa saa 12 haitamdhuru paka ambaye vinginevyo yuko sawa. Dozi mbili zinaweza kumuua. Ndivyo ilivyo pia kwa dozi iliyosahaulika: hairudishiwi kwa kuongeza inayofuata. Na asipokula, au akitapika, usimchome dozi kamili kwa mazoea. Pima, mpigie daktari. Afadhali umwombe daktari tangu siku ya kwanza akuandikie la kufanya hali hiyo ikitokea, maana hutokea usiku.

Kupima sikioni

Sukari ya paka mwenye afya huwa kati ya takriban 4 na 7 mmol/L (mashine yako ya kupimia sukari ikisoma kwa mg/dL, zidisha namba zilizoandikwa hapa kwa 18). Ikipita karibu 14 hadi 16, figo zinashindwa kuizuia, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Hicho ndicho kiu na mabonge makubwa ya mchanga wa choo uliyoyaona kabla ya kwenda kwa daktari. Hospitalini vipimo hudanganya: hofu peke yake inaweza kupandisha sukari ya paka hadi kiwango cha mgonjwa. Nyumbani ametulia, na namba zinasema kweli.

Damu hutolewa ukingoni mwa sikio, kwenye ukanda mwembamba kati ya mshipa wa pembeni na ukingo wenyewe. Pasha sikio moto kwanza kwa kitambaa cha vuguvugu ndani ya mfuko wa plastiki, lisilowe, maana maji yakichanganyika na damu kipimo kinaharibika. Weka pamba iliyokunjwa nyuma ya sikio usijichome kidole. Choma haraka, subiri tone la ukubwa wa kichwa cha pini, sogeza stripu (kikaratasi cha kupimia cha mashine) ilinyonye. Bana sikio kwa pamba kwa nusu dakika, mpe kipande cha nyama. Mara za kwanza damu haitatoka. Paka na wewe wote mnajifunza. Mashine ya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo kwa paka ikilinganishwa na iliyorekebishwa kwa wanyama kama AlphaTRAK. Shika mashine moja, na daktari ajue ni ipi.

Kupima asubuhi tu hakutoshi, na mfano huu unaonyesha kwa nini. Saa 1 asubuhi, kabla ya sindano, mashine inasoma 20. Saa 3 inasoma 15, saa 5 ni 9.5, saa 7 mchana ni 6, saa 9 ni 8, saa 11 jioni ni 13, na saa 1 usiku, kabla ya sindano ya pili, 18. Anayepima asubuhi na usiku tu ataona 20 na 18, ataamini dozi ni ndogo, ataiongeza, na kesho saa 7 mchana paka yuko 2. Namba ya kufanyia uamuzi ni ile ya chini kabisa, ambayo inatakiwa iwe kati ya 4.4 na 8.3. Hapa dozi imeshafika. Tatizo ni insulini kuisha mapema, na dawa yake ni kuzungumza na daktari kuhusu aina ya insulini. Dozi huachwa itulie angalau wiki moja kabla ya kuongezwa, tena kwa nusu yuniti au moja. Ila kupunguza hakungoji wiki.

Sukari ikishuka chini ya takriban 3.3, au paka akianza kuyumba, kulegea, kutetemeka, kukodoa macho au kulilia chakula ovyo, usipoteze muda kwenye vipimo. Akiwa na fahamu na anameza, mpe chakula papo hapo. Akiwa amelegea, mpake asali au shira ya sukari, kama kijiko cha chai, kwenye fizi zake. Usimimine mdomoni mwa paka mwenye degedege na usiingize kidole kati ya meno. Akizinduka mlishe, halafu aende hospitali hata akionekana mzima, kwa sababu insulini uliyomchoma bado inafanya kazi.

Upande wa pili kuna ketoni, asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta kwa kukosa insulini. Stripu za mkojo huzionyesha: kinga mkojo kwa upawa wa zamani akiwa anajisaidia, au weka punje za plastiki zisizonyonya badala ya mchanga. Paka mwenye ketoni asiyekula, anayetapika na aliyezubaa hasubiri kesho.

Mengine ni ya daftari. Maji anayokunywa, ukiyapima kwa mililita: zaidi ya 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni mengi. Uzito kila wiki kwa mizani ya mtoto mchanga. Na mwendo: paka anayekanyaga visigino, miguu ya nyuma imelala chini kama ya sungura, neva zake zimeumia kwa sukari, na mara nyingi hurejea polepole sukari ikishuka. Dozi ikizidi yuniti 5 kwa sindano na sukari haishuki, tafuteni kinachoizuia: meno yaliyooza, maambukizi ya mkojo, au uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji.

Zipo pia dawa za kinywa, Bexacat na Senvelgo, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2022 na 2023, zinazofanya figo zitoe sukari kwenye mkojo. Si mbadala kwa paka aliyekwisha kutumia insulini, na zina mtego: ketoni zinaweza kupanda huku sukari ikisoma vizuri.

Dalili ya seli kuamka ni namba za kabla ya sindano kuanza kuwa ndogo zenyewe. Leo 18, wiki ijayo 12, kisha asubuhi moja 6. Mpigie daktari kabla ya kuchoma hiyo sindano. Dozi itashushwa kwa hatua, hadi nusu yuniti, kisha isimame. Endelea kupima, na chakula kibaki kilekile cha wanga mdogo, kwani paka huyu anaweza kurudi alikotoka. Dawa za steroidi za kuwashwa au pumu ni moja ya njia za haraka za kumrudisha, kwa hiyo daktari yeyote mpya atakayemshika, hata kwa ajili ya upele tu, aambiwe kwanza kwamba aliwahi kuwa na kisukari.