Pupa wa nondo hana pupa

Mara ya tatu mwezi huu naambiwa kwamba pupa, yule mdudu aliyejifunga gandani kabla ya kuwa nondo au kipepeo, huitwa pupa kwa sababu ya ulafi wake. Wa kwanza alikuwa jirani, wa pili kijana mmoja anayetembeza wageni Gede, pwani ya Kenya, na wa tatu mpwa wangu wa gredi ya sita, aliyeniletea daftari: "Mjomba, si kweli kiwavi akila sana kwa pupa ndipo anageuka pupa?" Nikaona sasa niandike.

Pupa ni hatua ya tatu katika maisha ya nondo, kipepeo na wenzao: yai, kiwavi, pupa, kisha mdudu kamili mwenye mabawa. Ndani ya ganda la pupa mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa ukaundwa upya. Maana ndiyo hiyo, haina mengi.

Neno lenyewe si letu. Kwa Kilatini pupa ni msichana mdogo, au mwanasesere. Linnaeus, Mswidi wa karne ya 18 aliyewapa wanyama na mimea majina ya kisayansi, alilitumia kwa mdudu huyu kwa kuwa anafanana na mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo gubigubi, mikono ndani. Pupa yetu, ile ya "usile kwa pupa", ni neno jingine kabisa. Yamekutana kwa sauti tu, kama nondo wa kwenye taa na nondo za fundi wa ujenzi.

Linalonikera ni kwamba maelezo hayo ya ulafi yanapindua mambo juu chini. Mwaka jana nilikuwa nachimba shimo la taka chini ya mwembe, hapa Malindi, jembe likafukua pupa watatu. Jirani akaapa ni mayai ya nyoka. Nikamweka mmoja kiganjani: rangi ya tende kavu, mnene kama kidole gumba. Nilipomgusa akazungusha mkia. Yai la nyoka halizungushi mkia! Ukimkaribisha machoni unaona alama za mabawa yaliyokunjwa kifuani, na vipapasio vimelazwa kando yake kama vinyoya.

Hao ni wa jamii ya nondo wakubwa wenye duara kama macho kwenye mabawa, wale ambao mvua zikianza huingia barazani wakajigonga kwenye taa, watoto wakakimbia wakidhani popo. Mmoja wao, Gonimbrasia zambesina, viwavi wake hula majani ya mwembe. Na hapo ndipo ulafi ulipo, kwa kiwavi. Hujivua ngozi mara kadhaa kila anapoizidi, na kundi likivamia mwembe mdogo huuacha vijiti. Kisha hushuka, akajichimbia udongoni, na kula kumekwisha. Anangoja. Jamaa yake wa kusini mwa Afrika, Gonimbrasia belina, ambaye viwavi wake hukaushwa na kuliwa Botswana na Zimbabwe, huweza kukaa hivyo ardhini miezi mingi mpaka mvua zirudi.

Akitoka, bado hali. Nondo huyu hana mdomo wa kulia. Huishi siku chache kwa akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi. Dume hufuata harufu ya jike, jike hutaga, basi. Wahenga waliposema mwenye pupa hadiriki kula tamu, kwake wamepatia kidogo: majani aliyamaliza, asali ya maua hataionja. Hata anayemlaumu kwa kanzu iliyotobolewa sandukuni anamsingizia. Huyo ni nondo mwingine, mdogo sana, na anayekula nguo ni kiwavi wake.

Jingine ni kumwita kila pupa kifukofuko. Kifukofuko ni nyumba ya nyuzi, pupa ni mwenye nyumba, na wengi hawana nyumba. Pupa wa vipepeo ambao wafugaji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakiuza ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993 pale pale Gede, huning'inia wazi. Wa mwembe wangu alilala kwenye udongo mtupu, nikamrudisha.

Daftarini mwa mpwa wangu sikukata sentensi yote. Nilimwachia "Kiwavi hula kwa pupa", nikatia nukta, na kando nikaandika kwa penseli: pupa mwenyewe hali.