Mbwa Dirishani Hapungi Upepo, Ananusa

Kila ninapoteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, mbwa wangu Simba akiwa kiti cha nyuma na pua nje, hakosi mtu wa kunipigia kelele kando ya barabara: "Mbwa wako amesikia joto huyo!" Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka, hadi nilipoanza kumtazama vizuri.

"Anatafuta ubaridi." Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Tezi zake za jasho ziko hasa kwenye nyayo, na joto hulipunguza kwa kuhema, ulimi nje. Sasa mwangalie akiwa dirishani: mara nyingi mdomo ameufumba, mianzi ya pua ndiyo inayochezacheza. Anayenusa kwa bidii hahemi. Asubuhi za Limuru ukungu ukiwa umetanda, mimi nimevaa sweta, na Simba bado anakwaruza mlango kioo kishushwe.

"Anatazama mandhari." Dhana hii huja na nduguye wa zamani, kwamba mbwa huona nyeusi na nyeupe tu. Mbwa huona bluu na manjano; kinachomshinda ni kutofautisha nyekundu na kijani. Ila macho yake si makali kama yetu: unachokiona wazi kutoka mita 23 hivi, yeye huhitaji kusogea hadi kama mita 6. Kinachotembea hukidaka upesi, kwa hiyo bodaboda haimpiti.

"Upepo wa kasi hivyo hupeperusha harufu zote." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inadharau kiungo cha ajabu. Pua ya binadamu ina vipokezi vya harufu vipatavyo milioni 6; ya mbwa huweza kufikia milioni 300. Akinusa, huvuta pumzi fupifupi, kama 5 kwa sekunde. Ndani ya pua hewa hugawanyika: nyingi huenda mapafuni, kidogo huelekezwa nyuma kabisa, vilipojaa vipokezi. Pumzi inayotoka hupitia vijiufa vya pembeni, hivyo haiisukumi mbali harufu iliyo mbele yake. Mbwa wako akilala, chuchumaa umtazame pua: utaviona vijiufa hivyo, vimejikunja kama alama ya mkato.

Kwa pua ya namna hiyo, gari linalokwenda ni karamu. Mahindi ya kuchoma, samadi, udongo uliolowa, mbwa mwingine aliyepita, vyote vinamjia bila yeye kuinua mguu. Naye hahitaji kukifikia kitu chenyewe ili akijue. Katika Bandari ya Mombasa imetumika mbinu ya kunyonya hewa kutoka ndani ya kontena na kuipitisha kwenye chujio, kisha mbwa ananusa chujio tu kutafuta pembe za ndovu. Hakuna aliyewahi kumuuliza mbwa anachokipenda dirishani, lakini mwili wake unatoa ushahidi wa kutosha.

"Mbona nikimpuliza usoni anachukia?" Huenda ni kwa sababu wewe umemwinamia na kumkabili. Upepo wa barabarani haumkabili mtu.

"Maadamu anafurahi, hakuna ubaya." Hapa sikubali hata kidogo. Mchanga au mdudu akigonga jicho gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa anaweza kulikwaruza vibaya. Masikio marefu yanayopigwapigwa na upepo huweza kuvimba. Breki moja ya ghafla inamrusha nje. Siku moja Simba alikanyaga swichi, kioo kikaanza kupanda shingo yake ikiwa juu ya kioo hicho. Nilikiwahi kwa bahati tu. Tangu hapo swichi za nyuma nazifunga, kioo nakishusha robo tu ili pua ipite na kichwa kibaki ndani, na yeye hufungwa kwa mkanda wa kifuani, kamwe si wa shingoni.

"Nikiegesha, upenyo mdogo wa kioo unamtosha." Haumtoshi. Utafiti wa California uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa joto ndani ya gari lililoegeshwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, sehemu kubwa ndani ya dakika 30 za mwanzo, na kuacha upenyo dirishani hakukusaidia kitu cha maana. Nikifika Naivasha kununua samaki, Simba hushuka nami, hata foleni iwe fupi namna gani.