Sukari Huanzia Kwenye Jani

Watoto wanapotembelea kiwanda chetu, hapa kwenye ukanda wa miwa karibu na Kisumu, swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Sukari mnaitengeneza na nini?"

Hatuitengenezi. Jani limeshaitengeneza shambani.

Jani la muwa huvuta hewa ya kaboni, likapokea maji kutoka mizizini na mwanga wa jua, likaunda sukari ambayo huhifadhiwa kwenye shina. Kazi hiyo haina haraka: muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja, mara nyingi hadi miezi 18. Haraka ni yetu sisi. Muwa uliokatwa ukilala siku kadhaa juani, sukari yake huanza kuharibika.

Ukitafuna muwa, umeshafanya kazi ya kwanza ya kiwanda: meno yanakamua, unameza utamu, unatema makapi. Meno yetu ni visu na rola nzito za chuma. Makapi hatuyatupi. Tunayachoma kwenye boila, na mvuke unaotoka huko ndio unaoendesha mashine. Muwa humpikia muwa mwenzake.

Maji ya miwa hutoka na uchafu. Tunayapasha moto na kuyatia chokaa. Uchafu hushikana, ukazama chini kama tope.

Sasa inafika kazi ngumu: kuondoa maji bila kuunguza sukari. Muulize mama au shangazi anayeishi Eldoret kwa nini maharagwe huko huchelewa kuiva kuliko Kisumu. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000, na hewa ya huko haiyakandamizi maji sana. Kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi. Kisumu ni nyuzi 96. Mpishi wa maharagwe hulalamika, lakini sisi hufurahi. Tunanyonya hewa kutoka kwenye tangi lililofungwa kabisa, na shira iliyo ndani huchemka kwa nyuzi 70 hivi. Haiungui.

Shira ikishakuwa nzito, tunatia vumbi laini la sukari. Kila chembe hujivutia sukari iliyoizunguka, ikanenepa mpaka ikawa punje. Tunabaki na kitu kama uji mzito, punje zikiogelea ndani ya molasi nyeusi. Uji huo huingia kwenye pipa lenye ukuta wa matundu madogo sana, nalo huzunguka kwa kasi kubwa. Umewahi kumwona mbwa aliyenyeshewa akijikung'uta? Maji huruka, mbwa hubaki. Ndivyo molasi inavyorukia nje kupitia matundu na punje zikabaki. Rangi ya kahawia unayoiona kwenye sukari ya dukani ni utando mwembamba wa molasi uliobaki juu ya punje.

Tani kumi za miwa hutupa sukari kama tani moja. Basi pakiti ya kilo moja unayotumwa dukani ilitoka kwenye kilo kumi hivi za miwa, na karibu kilo saba kati ya hizo zilikuwa maji yaliyonyonywa na mizizi kutoka ardhini.