Je, wajua kwa nini dagaa huadimika Feri mwezi ukiwa mpevu?

Alfajiri moja ya Februari, siku ya 15 tangu mwezi kuandama, nilikuwa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, nikitafuta dagaa mchele wabichi. Changu walikuwepo, pweza walikuwepo, hata vibua wachache walionekana. Dagaa walikuwa ndoo tatu tu, nazo zilishazungukwa na wachuuzi wanaopandishiana bei. Siku 10 baadaye, palepale, ndoo zilikuwa zimepangwa hadi njiani na mtu hakosi pa kununua. Joto lilikuwa lilelile, upepo ni uleule wa kaskazi, bahari shwari vilevile. Kilichobadilika ni mwezi.

Mpwa wangu, niliyekuwa naye asubuhi ile ya kwanza, aliuliza: "Mjomba, kwani dagaa wanakwenda wapi mwezi ukiwa mkubwa?" Nikamjibu kwa uhakika kabisa, na jibu langu lilikuwa kosa. Kwa kuwa nimewasikia watu wengi wakitoa jibu hilohilo, wengine wasomi wazuri tu, nataka kulifumua kwanza kabla ya kufika kwenye lililo sahihi.

Nilimwambia hivi: mwezi ndio unaovuta maji. Ukipevuka, bamvua linakuja, maji yanajaa mno na kupwa mno, mkondo unakuwa mkali, na dagaa kwa udogo wao wanasombwa kwenda mbali. Jibu hili linaingia akilini kirahisi kwa sababu nusu yake ni kweli. Bamvua hufuata mwezi mpevu, kwa kawaida siku moja au mbili baada yake. Hapa Dar es Salaam tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, ilhali wakati wa maji mafu huwa kama mita 1 hivi. Pita Kunduchi au Mjimwema bamvua likiwa limepwa, utaona watu wanatembea kwa miguu mahali ambapo saa sita tu nyuma boti zilikuwa zinaelea.

Aliyelivunja jibu langu ni mzee mmoja fundi wa nyavu pale Kunduchi. Nilimkuta amekaa chini ya mkungu, nyavu ya dagaa imemfunika magoti, matundu yake madogo kiasi kwamba ncha ya kidole changu cha mwisho haikupenya. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza nilivyoelewa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kushona, kisha akauliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu, mwezi ukiwa haupo kabisa, bamvua si lipo vilevile? Na hizo ndizo siku zetu za kuvua."

Nilirudi nyumbani na swali lake, na kila nilivyoligeuza halikuwa na pa kutokea. Bamvua huja mara mbili kila mwezi mwandamo, kwa sababu jua, dunia na mwezi hukaa karibu mstari mmoja mara mbili: mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiwa umepotea, siku za giza. Nguvu ya mvuto haijali kama upande wa mwezi unaotutazama una nuru au hauna. Maji hujaa na kupwa kwa kiasi kilekile, au karibu sawa, nyakati zote mbili. Kama mkondo ndio ungekuwa unawaondoa dagaa, basi wavuvi wangelala na siku za giza pia. Badala yake giza ndilo msimu wao mnono ndani ya kila mwezi.

Ushahidi wa pili uko mbali na bahari. Mwanza na Kigoma nako wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na nako hupumzika mwezi unapopevuka. Lakini Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika hayana kujaa na kupwa ambako mtu anaweza kukuona kwa macho. Isitoshe, dagaa wa Victoria ni wa ukoo mwingine kabisa. Yeye na dagaa mchele wa pwani yetu wamekutana kwenye jina na kwenye sahani tu. Maji tofauti, samaki tofauti, hakuna bamvua, na mapumziko ni yaleyale. Kinachofanana kote ni kitu kimoja: taa.

Nisiinyime bamvua haki yake. Mkondo ukiwa mkali, nyavu ya kuzungusha huvutwa na kupinda, na nahodha huwa na kazi ya ziada kuipanga. Hilo linaweza kuharibu kokota moja au mbili za usiku. Haliwezi kuwalaza nyumbani wavuvi wa pwani nzima na wa maziwa kwa wiki moja hivi, mwezi baada ya mwezi.

Basi tuitazame taa. Zamani ilikuwa karabai, ile inayovuma kwa mafuta ya taa na pampu. Siku hizi nyingi ni za jenereta, betri au sola. Boti hufika eneo la kuvulia jioni, taa huwashwa juu ya maji, halafu watu husubiri. Saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Chini ya mwanga huanza kuonekana vitu kama vumbi linalotembea, kisha mimweko ya fedha, kisha maji yanakuwa kama yanachemka. Taa zikiwa kadhaa, huzimwa moja moja hadi ibaki moja, na dagaa waliotawanyika hujikusanya wote kwenye ile iliyobaki. Hapo ndipo nyavu inazungushwa na kamba ya chini inavutwa. Nyavu yenyewe haifuati dagaa popote. Taa ndiyo inayowaita waje.

Na mwito hutegemea sana ukimya unaouzunguka. Mfikirie muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake. Usiku kwenye mtaa uliolala, mtu aliye mtaa wa tatu anasikia ule mlio wa vikombe na kujua kahawa inakuja. Mpeleke muuza kahawa huyohuyo Kariakoo saa saba mchana, agonge vikombe vilevile kwa nguvu ileile. Aliye hatua tano mbele hamsikii. Vikombe havijapoteza sauti. Ni mtaa ndio umejaa sauti nyingine. Taa ya mvuvi ni vikombe hivyo, usiku wa giza ni mtaa uliolala, na mwezi mpevu ni Kariakoo.

Sasa, Kariakoo ya mwezi ina makelele kiasi gani? Hapa hesabu inanifurahisha kila ninapoirudia. Mwezi mpevu ukiwa juu angani hutupa chini mwanga unaokaribia ule wa mshumaa mmoja uliowekwa mita 2 kutoka kwako. Nyota peke yake, usiku usio na mwezi, hutoa mwanga kama wa mshumaa huohuo ukiwa mita 30 hivi. Ukizisikia tarakimu hizo utadhani mwezi unazishinda nyota mara 15. Unazishinda mara 200 na zaidi.

Sababu ni ileile inayomsumbua anayesukuma chapati. Chukua donge la unga, lisukume hadi liwe na upana wa sahani ya chai. Ukitaka upana huo uwe mara mbili kwa donge lilelile, chapati haiwi nyembamba mara mbili. Inakuwa nyembamba mara nne, kwa sababu imepanuka mbele na nyuma, na pia kushoto na kulia. Upana mara tatu, wembamba mara tisa. Upana mara 15, wembamba mara 225. Nuru ya taa ni donge hilo: kiasi ni kilekile, na kadiri inavyosafiri ndivyo inavyosukumwa ikawa nyembamba.

Tuchukue karabai yenye nguvu ya mishumaa 400, ambayo ni karabai ya kawaida. Usiku wa giza, inaendelea kuushinda mwanga wa nyota hadi umbali wa mita 600 hivi. Usiku wa mwezi mpevu, inalingana na mwanga wa mwezi ikiwa imefika mita 40 tu. Kuanzia hapo mwezi umeimeza. Karibu na boti taa bado inang'aa, lakini eneo inaloliita limekuwa dogo mara 200 na zaidi.

Tahadhari moja, na si ndogo. Hesabu hiyo ni ya hewani. Ndani ya maji nuru hunywewa, na hunywewa haraka zaidi maji yakiwa na tope, kama yanavyokuwa karibu na mdomo wa mto Msimbazi wakati wa masika. Nuru nyekundu hufa kwanza. Kijani na buluu ndizo huenda mbali. Kwa hiyo chini ya uso wa bahari taa haifiki mita 600 hata kidogo, na pengo kati ya usiku wa giza na usiku wa mwezi huwa dogo kuliko nilivyolionyesha. Mwelekeo wa jambo haubadiliki: mwezi hupunguza eneo la mwito. Ukubwa wa punguzo ndio unaotegemea maji ya usiku husika.

Taa kubwa zaidi husaidia, na wenye taa kubwa hujaribu. Lakini kwa kanuni ya chapati, hewani tu, kuirudishia taa umbali wake wa usiku wa giza kunahitaji kuiongeza nguvu mara 200 na ushee. Meli za kuvua ngisi nje ya Argentina hubeba taa kali kiasi kwamba huonekana kwenye picha za setilaiti kama mji ulioko katikati ya bahari. Boti ya Mbweni yenye jenereta dogo haiko kwenye mashindano hayo.

Kuna swali la pili lililonisumbua. Kama mwezi ndio tatizo, mbona wavuvi hulala wiki moja hivi tu, ilhali mwezi huonekana angani siku nyingi za kila mwezi mwandamo? Jibu ni jambo ambalo nilipolijua nilikwenda nje kuutazama mwezi upya. Nusu mwezi hautoi nusu ya mwanga wa mwezi mpevu. Hutoa kama sehemu 1 kati ya 10.

Uso wa mwezi ni mashimo, mawe na vumbi. Tembea kwenye barabara ya kokoto jua likiwa linakaribia kuzama ubavuni mwako: kila kokoto ina kivuli kirefu, na barabara inaonekana nyeusi kuliko ilivyo. Geuka jua liwe mgongoni. Vivuli vingi vinajificha nyuma ya kokoto zenyewe na barabara inang'aa. Mwezi ukiwa nusu, jua linaupiga kwa ubavu na uso wake umejaa vivuli. Ukipevuka, jua liko mgongoni mwetu na vivuli vinapotea karibu vyote. Ndiyo maana mwanga wake hupanda ghafla siku za mwisho kabla ya kupevuka, na hushuka ghafla vilevile baadaye. Na sisi tulio karibu na ikweta tunaupata wote, kwa kuwa mwezi mpevu wa Dar es Salaam hupanda juu sana angani miezi yote ya mwaka.

Kwa nini dagaa waitwe na taa hata kidogo, hapo wataalamu hawajafika kwenye jibu moja. Wapo wanaosema hufuata chakula, kwa sababu planktoni, vile viumbe vidogo kama vumbi, hukusanyika kwenye mwanga. Wapo wanaosema samaki wa makundi huhitaji macho ili wakae pamoja, kwa hiyo gizani hutawanyika na kwenye taa huonana tena. Naona maelezo yote mawili yana nafasi, na huenda uzito wake hutofautiana kwa kila aina ya samaki. Planktoni pia hupanda juu usiku na hubaki chini zaidi mbalamwezi ikiwa kali. Hapo wanaosema "dagaa wamezama" wana sehemu ya ukweli: baadhi yao huenda wamefuata chakula chini kidogo. Hawajahama bahari. Wavuvi wa mshipi, wasiotegemea taa, huendelea na kazi usiku huohuo, na wenzao wa dagaa huvuta boti nchi kavu, hukalafati mbao na kushona nyavu kama yule mzee.

Ukitaka kuyaona haya yote bila kitabu, nenda Kunduchi siku ya 20 ya mwezi mwandamo. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku. Siku ya 15 huchomoza jua likizama, kwa hiyo hakuna giza hata la dakika. Siku ya 18 kuna saa mbili na nusu za giza, na nahodha mwenye haraka huanza kupiga hesabu. Siku ya 20 kuna saa nne. Boti huondoka mapema, kabla ya magharibi, na baada ya isha utaona taa zimetapakaa kwenye maji kama mtaa mpya uliojengwa jioni ileile. Inapokaribia saa tano mbingu upande wa kisiwa cha Mbudya inaanza kupauka. Mwezi unachomoza umekatika upande mmoja, mwekundu kidogo, na huko nje taa zinaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine, hadi inabaki ile ya mwisho ambayo dagaa wote wa usiku ule wako chini yake.